Matthew Henry wa juzuu sita: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Ni vitabu sita vya Matthew Henry vya kufafanua Biblia, sura kwa sura; nilivipata kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Mombasa. Alianzia shilingi 9,000, tukavutana mpaka 6,000. Nikavitia kwenye gunia la mchele nikavuka navyo feri ya Likoni vikiwa begani. Njiani kijana akaniuliza mchele wangu ni kilo ngapi.

Nianze na ubaya. Maandishi ni madogo, na bila miwani huambulii kitu. Juzuu ya tatu, yenye Zaburi, ilikuja na kuvu. Kwa unyevu wetu huu wa pwani huwa naianika barazani kila Jumamosi, na bado inanuka kama kabati la marehemu. Kiingereza chenyewe ni cha miaka 300 iliyopita, sentensi ndefu kama foleni ya magari pale feri Jumatatu asubuhi.

Lakini kwa mchungaji wa kanisa dogo, ananifaa. Adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha. Nasoma mpaka chai iive, kabla simu hazijaanza: matanga, mgonjwa, mzazi aliyekwama karo. Henry anaichukua sura, anaikata vipande, na kila kipande anakuonyesha kinakudai nini wewe unayesoma. Alikuwa mchungaji Chester, Uingereza, na alianza kuiandika kazi hii mwaka 1704 huku akiendelea kuhubiri, na mimi huona kabisa kwamba huyu mtu alikuwa na waumini wa kuwatazama machoni Jumapili.

Mwanzo 2 ndiyo iliyonichekesha. Yale maneno ya harusini, kwamba mke hakutolewa kichwani wala miguuni bali ubavuni, karibu na moyo, nimeyasikia tangu utoto. Siku zote nilijua ni ya askofu wetu wa zamani. Kumbe yamo humu, mstari kwa mstari! Nami nimeyatumia kwenye harusi zisizopungua ishirini nikimtaja askofu.

Kisha mama mmoja wa kanisani, baada ya ibada, akanishika mkono: "Baba Mchungaji, huyo Henry wako unayemtaja kila wiki, yuko hai?" Nikajibu alikufa zamani. "Lini?" Nikakwama. Usiku ule nikasoma dibaji, ambayo nilikuwa nikiiruka kama tunavyoruka vizazi vya Mambo ya Nyakati.

Alikufa Juni 1714, akiwa safarini, kitabu hakijaisha. Mkono wake unakomea Matendo ya Mitume. Kuanzia Warumi mpaka Ufunuo, wachungaji wenzake waligawana nyaraka wakamalizia. Warumi ikamwangukia John Evans. Niliweka miwani mezani. Mwaka jana wote nilihubiri Warumi kwa programu ya simu inayobandika jina la Henry kwenye Biblia nzima, na kila Jumapili ilikuwa "Matthew Henry asema". Kwa hiyo ya Henry nilimpa askofu, na ya Evans nikampa Henry.

Kwa hilo tu sijutii zile 6,000. Ukinunua, hakikisha juzuu ya sita ina dibaji, na uinuse kila moja kabla ya kulipa.

Jumapili iliyofuata nilisahihisha mimbarani. Yule mama akaningojea mlangoni. "Sasa huyu Evans, Baba Mchungaji. Yeye yuko hai?"