Ubao wa drafti: upi ununue, upi uuache dukani

Drafti haina mafunzo marefu. Kete 12 kila upande, unatembea kwa mshazari, unaruka unakula, kete ikifika ng'ambo inakuwa kingi. Mtoto wa darasa la pili anaelewa kabla chai haijapoa. Kununua ubao ndiko watu wanakokosea, maana wanaangalia urembo badala ya kupima mraba.

Kete zetu ni vizibo vya soda, na kizibo kina upana wa sentimita 3 na ushee. Mraba ukipungua sentimita 4, ukisogeza kete moja unaburuta na jirani yake, na hapo ndipo zogo linapoanza: "Ilikuwa hapa!" "Haikuwa hapo!"

Namba moja kwangu ni ubao wa fundi seremala. Mwagize miraba ya sentimita 4.5, kwa miraba minane hiyo ni sentimita 36 kila upande, ukiacha fremu. Fremu iinuke kidogo, vizibo visimwagike mtu akigonga meza kwa hasira. Usikubali karatasi ya kubandika. Wa kwanza niliotengenezewa ulipakwa rangi tupu, na meno ya vizibo yakaikwangua hadi nyeusi na nyeupe zikafanana. Sasa nadai vanishi, mikono miwili, na naacha ikauke kabisa. Vizibo muombe muuza soda: 24 na vya akiba sita, kwa sababu kingi ni viwili vilivyopandana na vingine hupotea. Vya mchezaji mmoja uvilaze kifudifudi, vya mwingine uvifunue.

Namba mbili, ule wa plastiki wenye sumaku unaokunjwa. Kwa safari ya basi ya Dar hadi Mwanza hauna mpinzani. Kabla hujalipa, hesabu kete, kisha uinue ubao wima uone kama zinashika. Angalia na bawaba. Hiyo ndiyo hufa kwanza. Miraba yake kwa kawaida ni midogo, kwa hiyo kijiweni hautoshi.

Wa turubai wa kukunja nauweka wa tatu. Ni mwepisi, lakini mkunjo haunyooki na upepo wa barazani hauuhurumii.

Simu ni ya mwisho, ingawa programu nyingi ni za bure. Chunguza sheria kwenye mipangilio: kingi ya drafti ya Kiingereza inakwenda mraba mmoja tu, wakati ya vijiwe vyetu vingi inapita mshazari mzima. Isitoshe, mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba drafti hiyo ya Kiingereza, pande zote zisipokosea, inaisha sare. Mzee wa kijiweni anakosea, na akikosea anakulaumu wewe kwa kuongea sana. Raha iko hapo.

Tahadhari moja: ukiona ubao wa miraba 100 na kete 20 kila upande, huo ni wa drafti ya kimataifa. Wa kwetu ni 64. Hesabu ukiwa bado dukani.