Felco 2 shambani: mkasi wa kupogolea zabibu

Ufaransa na Afrika Kusini mzabibu hupogolewa wakati wa baridi, ukiwa umelala. Dodoma haulali, mkasi ndio unaouamsha. Kwa kuwa huvunwa mara mbili kwa mwaka, shina moja hupata vidonda mara mbili, na mzabibu hauzibi kidonda kwa gome jipya kama mwembe. Sehemu iliyokatwa hukauka kuelekea ndani, na ukungu unaoozesha shina hupita hapohapo, hasa mvua ikinyesha baada ya kupogoa. Mkasi butu unaosaga tawi hupunguza umri wa shamba.

Felco 2 ya Uswisi, yenye urefu wa milimita 215 na uzito wa gramu 240, inakata kweli. Wembe hupita ubavuni mwa taya lililopinda, na ukitazama kidonda utaona gome limekatika laini, bila nyuzi kuning'inia. Ila ushikwe sawasawa: wembe uelekee tawi linalobaki, taya liwe upande wa kinachotupwa, maana taya ndilo linaloponda. Wapogoaji wengi hukosea hapa, hata wazoefu.

Tawi la mwaka mmoja liachie macho mawili, yaani sehemu zinapochipuka, ukate sentimita moja hivi juu ya jicho la pili. Tawi la miaka miwili na zaidi usilikate likalingana na shina. Acha kisiki chenye urefu sawa na unene wake, ukavu uishie humo. Kiondoe mwaka unaofuata.

Mwisho wa mkasi huu ni tawi lenye unene wa milimita 25. Zaidi ya hapo ni kazi ya msumeno. Ukiulazimisha kwa kuutikisa huku na huku, wembe huachana na taya. Ukiuinua juani ukaona mwanga katikati, kaza nati kabla hujaendelea, la sivyo tawi litajibana humo na kuchanika.

Kunoa ni upande wenye mteremko tu. Ule bapa pitisha jiwe mara moja, kuondoa makali yaliyojikunja. Ukitoka kwenye mzabibu mgonjwa, futa utomvu kisha paka spiriti ya asilimia 70.

Bei ni kubwa, lakini inastahili, kwa sababu wembe na springi huuzwa peke yake. Mwenye kiganja kidogo achukue Felco 6. Anayetumia mkono wa kushoto, Felco 9. Muuzaji akuoneshe wembe wa akiba kabla hujalipa.