Coutet ya 2012, mvinyo wa mwaka ulioharibiwa na mvua

Nilifundisha kilimo shule ya sekondari miaka 31, na mpaka leo nalima ekari tatu za mahindi huko Njoro. Kwa hiyo mtu akinitajia mvua ya Oktoba hana haja ya kunieleza zaidi. Hiyo ndiyo mvua inayokuta mahindi yamesimama shambani yakingoja kuvunwa. Unaanika, mawingu yanarudi, unaanua mbio, unaanika tena. Ukifika kwa mnunuzi, kipimo kinasoma unyevu uliozidi asilimia 13.5, na magunia yako yanapakiwa kurudi nyumbani. Zao ni lako, jasho ni lako, lakini mwaka umeshapewa jina baya.

Ndiyo maana nilinunua chupa hizi.

Duka liko hapa Nakuru mjini, si mbali na Kenyatta Avenue. Silitaji kwa sababu nina lawama nalo kidogo. Kijana wa kaunta huniita mwalimu ingawa hakupitia mikononi mwangu. Siku hiyo aliniita pembeni akanionyesha nusu chupa tatu, zile za mililita 375, zimejaa vumbi mabegani. Château Coutet, Barsac, 2012, mvinyo mweupe mtamu wa Ufaransa. Bei ilikuwa imekatwa kutoka shilingi 7,000 hadi 3,900.

"Mwalimu, hii waini hakuna mtu anataka."

Nikamuuliza ina kasoro gani. Akasema mteja mmoja aliishika, akatazama mwaka kwenye simu yake, akairudisha. Eti ulikuwa mwaka mbaya. Nilichukua mbili.

Lawama yangu ndiyo hii: chupa zilikuwa zimesimamishwa rafu ya juu, zikitazamana na dirisha la magharibi. Mvinyo wenye kizibo cha gome hulazwa, ili kizibo kisikauke, tena mahali penye giza. Kizibo cha chupa ya kwanza kilikatikia katikati, nikalazimika kumimina kupitia kichujio cha chai huku mke wangu akiniuliza kama huo ndio mvinyo wa mabwana.

Sasa niseme kwa nini mwaka ule una jina baya. Barsac na Sauternes, kusini-mashariki mwa mji wa Bordeaux, hutegemea kitu ambacho mkulima yeyote wa Njoro angekipigia dawa asubuhi na mapema. Kiswahili kimetupa neno moja, ukungu, kwa mambo mawili, na kule mambo hayo mawili hufanya kazi pamoja. Mto Ciron wenye maji baridi huingia kwenye mto Garonne wenye maji ya vuguvugu, na asubuhi za vuli ukungu hutanda juu ya mashamba. Ukungu huo wa hewani ndio unaolea ukungu wa kwenye zabibu, ule ambao wataalamu huuita Botrytis cinerea. Huu wa pili hutoboa ganda, jua la mchana likavuta maji nje, na punje ikabaki imesinyaa, sukari na uchachu vimebanana ndani yake. Wavunaji hupita mstari uleule mara kadhaa, kila mara wakichuma zile zilizofikia hali hiyo tu.

Yote yanasimama juu ya jua la mchana. Likikosekana, ukungu uleule huwa uozo wa kawaida, ndugu ya ule unaoukuta chini ya gunia lililoloa. Mwaka 2012 mvua ilishuka Oktoba, wakati wenyewe wa kuvuna. Château d'Yquem, shamba la Sauternes lililopewa daraja lake peke yake juu ya wenzake wote katika orodha ya mwaka 1855 iliyopanga mvinyo wa Bordeaux kwa madaraja, lilitangaza kwamba halitatoa mvinyo wake wa mwaka huo. Coutet, ambayo katika orodha hiyo iko daraja la kwanza, ilitoa wake.

Rangi yake ni ya asali changa. Nilipoimimina mara ya kwanza ilikuwa na harufu ya majani yaliyolala nje usiku, nikaanza kumkumbuka yule mteja na simu yake. Niliiacha kwenye glasi dakika ishirini hivi. Harufu ile ikaondoka, zikaja maganda ya chungwa, nanasi, na tangawizi kwa mbali. Mdomoni utamu unatangulia, lakini kabla ulimi haujachoka unakuja uchachu na kuukata, kama vile mtu amekamulia limau kwenye asali. Inasemekana jina Coutet limetokana na neno la kisu katika lugha ya Wagaskoni, watu wa kusini-magharibi mwa Ufaransa. Nakubali.

Kasoro yake ni kwamba hauchelewi kuondoka. Ukimeza, hesabu mpaka kumi na umekwisha. Mwaka mzuri ungekaa nawe mpaka umalize kusimulia kisa. Aliyekuwa mwanafunzi wangu aliwahi kutuletea Sauternes ya 2009 ya shamba jingine, Krismasi, na huo mwaka ni katika ile inayosifiwa sana. Ulikuwa mzito kama asali yenyewe na wa fahari kweli. Ila baada ya glasi moja mke wangu aliomba maji, nami nikaunywa kwa heshima zaidi kuliko kwa raha. Huu wa 2012 tuliumaliza, na tukatazamana.

Kuhusu chakula, Wafaransa huunywa na maini ya bata yaliyonenepeshwa. Mimi nilienda kwa muuza nyama nikanunua nusu kilo ya maini ya mbuzi, nikayakaanga upesi kwa siagi, yakiwa bado laini ndani, na vitunguu vilivyoachwa kwenye sufuria mpaka vikawa kahawia na vitamu. Sijala mlo bora mwaka huu. Njugu karanga za chumvi nazo zilifaa kuliko nilivyotarajia. Keki iepukwe: shemeji alikuja na moja iliyopakwa sukari ya unga juu, na kila tulipoimung'unya mvinyo ukawa na ladha ya maji ya ndimu. Utamu wa sahani usizidi wa glasi.

Uweke kwenye friji saa moja na nusu kabla, ufike nyuzi 8 hadi 10. Ukibaki, rudisha kizibo na uurudishe humo. Wetu ulikaa siku nne bila kubadilika, na ungekaa zaidi kama si mimi. Glasi ziwe ndogo. Nusu chupa inatosha watu sita wenye adabu, au wawili kama sisi.

Jumamosi nilirudi kwa ile ya tatu. Kijana alikuwa ameilaza ndani ya kreti ya soda chini ya kaunta, gizani, kama nilivyomwagiza. Bei alikuwa ameipandisha hadi 4,500.

"Mwalimu, sasa kuna mtu anaitaka."

Nililipa.