Usiku Mmoja na Familia katika Hoteli ya Nyumba Kongwe, Mji Mkongwe

Hoteli tuliyolala, mimi na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe, imo ndani ya nyumba ya ghorofa katikati ya vichochoro vya Mji Mkongwe, na kabla ya kueleza chumba wala chakula napenda kuzisifu kuta zake, kwa sababu hazikupakwa saruji. Nyumba za namna hii zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu wa masika kisha huutoa jua linapowaka. Ukizibwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, plasta hubambuka na jiwe lenyewe huanza kumung'unyika. Siku tuliyofika tulimkuta fundi akiziba ufa upande wa uani kwa chokaa, na kwangu mimi hilo lilikuwa na uzito kuliko mapambo yote ya sebuleni. Sote tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, ilhali Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mwenye nyumba anayeitunza kwa vifaa vinavyoifaa anastahili kushukuriwa.

Gari haifiki mlangoni, kwa hiyo anayekwenda na wazee au mizigo mingi aombe mapema atumiwe hamali, huduma ambayo hoteli hii huitoa bila ya malipo ya ziada. Mapokezi yalikuwa ya heshima. Vijana wa kazi walimwamkia mama mkwe kwa shikamoo kabla ya kuuliza majina yetu, wakamletea maji, na walipoona kwamba ngazi ni za kusimama na vidato vyake haviko sawa, walimhamishia chumba cha chini karibu na ua bila ya sisi kuomba.

Vyumba vya juu ni virefu na vyembamba, jambo lililowashangaza watoto mpaka baba yao alipowaonyesha boriti za mikoko zilizolazwa darini. Boriti hizo hubeba uzito kwa takriban mita 3 tu, na upana wa chumba ukafuata hapo, awe mwenye nyumba tajiri au masikini. Ukutani mna zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ambazo wanetu walizigawana mara moja kwa vitu vyao, na kitanda ni samadari ya juu yenye chandarua safi. Umeme ulikatika usiku. Badala ya kungoja jenereta tulifungua madirisha ya njiani na mlango wa upande wa uani, na upepo ukapita chumbani kama waliojenga walivyokusudia. Tulilala vyema mpaka adhana ya alfajiri, tukakuta misala imekunjwa kabatini na alama ya kibla juu yake.

Sikuridhika na namna hoteli inavyoieleza historia ya nyumba. Ubao wa mapokezi unasema kwamba ilikuwa ya binti wa Sultani, lakini hautaji jina la binti huyo wala mwaka, na kijana wa mapokezi hakuwa na la kuongeza. Tuliambiwa pia kwamba miiba ya shaba ya mlangoni ni ya kuzuia tembo wa vita, ingawa Unguja haikupata kuwa na tembo wa vita. Ni pambo lililotoka Bara Hindi pamoja na mafundi wake. Ubao huo unaishia kwa masultani. Hauelezi kwamba baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za mji zilichukuliwa na Serikali na familia nyingi zikahamia humo, chumba kwa chumba, zikitumia ua mmoja na jiko la pamoja. Mama mkwe alikuwa na ndugu zake katika nyumba ya jinsi hiyo. Aliketi na wajukuu uani akawaeleza zamu za kuteka maji, kamba za nguo zilizofungwa nguzo kwa nguzo, na harusi zilizochezwa humo. Watoto, ambao skuli wamefundishwa majina ya masultani kwa mpangilio, walimsikiliza kuliko walivyousoma ubao. Namwomba mwenye hoteli awatafute waliowahi kuishi humo na aandike maneno yao, kwani wengi wao bado wako hai na wako hapa hapa mjini.

Chakula cha jioni tulikula katika bustani ya Forodhani. Asubuhi tuliandaliwa mkate wa ufuta, mbaazi za nazi na chai ya viungo, na vyote vilikuwa vya moto na vya ladha. Mayai na soseji vilivyopangwa kwa ajili ya wageni wa nje hatukuvigusa. Bei ya mkaazi ipo na ni nafuu kiasi cha familia ya kawaida kuweza kujikusanyia, lakini hutajiwa mpaka uiulize, na ingefaa ibandikwe wazi kama ile ya dola, kwa kuwa Mzanzibari asiyeijua huenda akageuka na kurudi kwao akidhani kwamba nyumba hizi hazimhusu.

Tahadhari moja ni kubwa. Ukuta unaozunguka paa, panaponywewa chai, haufiki kiunoni mwa mtu mzima, na mlango wa ngazi ya kupandia hauna komeo. Tulimweleza msimamizi, naye akaahidi kwamba litatengenezwa. Mpaka hapo, mwenye mtoto mdogo aombe chai yake iletwe uani.