Nimenunua seti ya kadi za Mike Sillinger, mtu wa timu 12. Maoni yangu haya hapa

Wadau wenye watoto wanaocheza hoki huku Kanada, hii nawaandikia nyie hasa. Ila hata kama upo Tanga au Mombasa na hoki ya barafuni hujawahi kuiangalia hata dakika tano we soma tu, maana habari yenyewe ni ya kazi, na kazi sote tunaijua.

Mwezi uliopita niliagiza mtandaoni seti ya kadi za hoki, zile zenye picha ya mchezaji ambazo watu wanazikusanya, za mchezaji mmoja, Mike Sillinger. Tangazo lilisema timu zote 12 alizochezea. Nimelipa dola 24 za Kanada, posta juu yake, nikangoja siku 11, kifurushi kikafika nje kuna baridi ya minus 28 na bahasha imekakamaa kama kipande cha mbao. Nikaiacha mezani kwanza ipate joto ndo nikafungua, na nawashauri mfanye hivyo hivyo, kadi ikitoka kwenye baridi kali ghafla inapata unyevu.

Kwanini Sillinger na sio nyota kama Gretzky au Crosby? Kwanza sisi tunaishi Regina, Saskatchewan, na yeye amezaliwa hapa hapa mwaka 1971, ujanani akachezea Regina Pats, timu ambayo mwanangu anaimba jina lake hadi bafuni. Pili mzee mmoja tunayefanya naye kazi ghalani aliniambia kama nataka kuelewa hoki nisimfuatilie nyota, nimfuatilie mtu aliyehamishwa sana. Nikauliza nani kahamishwa sana kuliko wote, akasema jina bila kufikiri hata sekunde moja.

Na kweli bana. Hakuna mchezaji aliyewahi kuvaa jezi za timu nyingi NHL, ligi kuu ya hoki huku Amerika Kaskazini, kumzidi yeye. Detroit, Anaheim, Vancouver, Philadelphia, Tampa Bay, Florida, Ottawa, Columbus, Phoenix, St. Louis, Nashville, halafu New York Islanders. Misimu 17, mechi 1,049, magoli 240, pasi za goli 308. Hayo sio mahesabu ya mtu aliyekuwa anabahatisha.

Sasa nije kwenye kadi zenyewe. Mbele ni picha, zile za mwanzo za jezi nyekundu ya Detroit uso wa kitoto kabisa, za mwisho za Islanders uso umekomaa. Ukizipanga mezani kwa mstari unamuona mtu anazeeka na jezi inabadilika rangi kila hatua chache. Uchapaji wa zile za miaka ya tisini ni mzuri, rangi bado zimekaa, kona za kadi zangu nyingi bado kali. Bei yake ni ndogo sababu kipindi kile viwanda vilichapisha kadi kwa mamilioni, na huyu si nyota, kwahiyo hakuna anayezikimbilia. Kwa mzazi hiyo ni neema, mtoto anashika kwa mikono yake mwenyewe, humfokei.

Lakini utamu uko nyuma. Nyuma ya kadi ya hoki kuna jedwali, mwaka, timu, mechi, magoli, pasi, pointi, dakika za adhabu. Kwa wachezaji wengi jedwali ni timu ile ile inashuka mstari kwa mstari. Kwa Sillinger kuna miaka inachukua mistari miwili kwa sababu alianza msimu mji mmoja akaumalizia mji mwingine. Nikachukua miwani nikakaa na zile kadi jikoni mpaka chai ikapoa. Machi 2000 katoka Tampa Bay kaenda Florida. Machi 2001 katoka Florida kaenda Ottawa. Julai 2001 kasaini Columbus. Yaani ndani ya miezi 16 kabadilisha jezi mara tatu, na kila mara ni nyumba ya kutafuta, na chumba cha kubadilishia nguo ambacho huna hata ndoano yako ya kutundika koti.

Mwanangu ana miaka 10, alikuwa ananiangalia, akaniuliza, "Baba, huyu walimfukuza mara ngapi?"

Nikamwambia hawakumfukuza, walimbadilisha. Akasema sasa si ni kitu kimoja tu baba. Na hapo nikajikuta nahitaji kufikiri vizuri kabla ya kujibu, maana kwa sisi tuliozoea Simba na Yanga mchezaji akihama kuna mazungumzo, kuna dau, kuna mkataba anausaini yeye mwenyewe na picha anapiga kashika skafu. NHL sio hivyo. Mkataba wako unahamishiwa timu nyingine na wewe ukiwa ndani yake, kama hujaandikiwa kifungu cha kukataa hakuna anayekuuliza, simu inaita unaambiwa kesho uripoti mji fulani. Na wengi hiyo simu inawakuta Machi, kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, wakati watoto wako katikati ya muhula wa shule.

Ila tukaangalia upande wa pili wa tredi tatu, yaani mabadilishano ya wachezaji, mimi na yeye, tukaandika kwenye daftari lake. Machi 1996 Vancouver walimtaka, wakamtoa Roman Oksiuta. Machi 2000 Florida walimtaka, wakatoa wachezaji wawili, Ryan Johnson na Dwayne Hay. Machi 2004 St. Louis wakamtoa kipa, Brent Johnson. Nikamwambia mwanangu ona, huyu hakutupwa, kwenye tredi zote hizi tatu kuna mtu alikuwa ametoa kitu chake ili ampate. Akanyamaza akaendelea kuandika.

Kitu gani walikuwa wanakitaka? Hapa kadi haikuambii, inabidi ujue mchezo kidogo. Sillinger alikuwa mshambuliaji wa kati, si mrefu kwa vipimo vya hoki, na sifa yake kubwa ilikuwa pale mwamuzi anapodondosha paki, kile kidude cha duara wanachokipiga badala ya mpira, katikati ya watu wawili na fimbo zikagongana. Hiyo inatokea mara nyingi sana kwenye mechi moja, na anayeishinda ndo timu yake inaanza na mali. Tazama siku moja kwa makini, mikono inashuka chini kwenye fimbo, magoti yanakunjwa, macho yako kwenye mkono wa mwamuzi na sio kwenye paki, yote yanaisha kabla hujapepesa jicho. Halafu kuna zile dakika mbili mwenzako katolewa kwa adhabu mmebaki pungufu, inabidi mtu ajitupe mbele ya mashuti ya paki ngumu kama jiwe, na kazi hiyo alikuwa anaifanya pia. Hizi ni kazi ambazo ukishuka kwenye ndege saa nane mchana unaweza kuzifanya saa moja usiku na watu ambao majina yao bado hujayashika. Ndo maana alikuwa anatafutwa.

Na alikuwa anafunga pia jamani tusimdhulumu. Msimu wake mkubwa kuliko yote ni 2005/06, ana miaka 34, magoli 32, na hayo magoli aliyagawa timu mbili, St. Louis na Nashville. Mtu mwenye magoli 32 na bado katikati ya msimu kahamishwa. Kiangazi kilichofuata Islanders wakampa mkataba wa miaka mitatu, mwaka wa kwanza akacheza mechi zote 82 akafunga 26. Kisha nyonga ikaanza kumsumbua, msimu wa 2007/08 mechi 52, msimu wa 2008/09 mechi 7 tu, na 2009 akastaafu. Hiyo namba 7 kuiona peke yake mwishoni mwa mstari mrefu namna ile iliniuma.

Kuna jambo jingine nililigundua nikiwa natafuta kadi za wenzake. Kila mwaka timu za NHL zinachagua vijana wapya kwa zamu, na mwaka 1989 Detroit walimchagua Sillinger chaguo la 11, raundi ya kwanza. Mwaka huo huo, raundi ya tatu wakamchagua Nicklas Lidström, raundi ya nne Sergei Fedorov. Wale wawili wakabaki Detroit, wakabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, 1997 na 1998 na mengine baadaye. Sillinger aliyetangulia kuitwa alishaondoka tangu 1995, na kombe hilo hakulishika kama mchezaji hata mara moja. Kadi za Fedorov na Lidström unazikuta dukani ndani ya kabati la kioo. Za Sillinger ziko kwenye boksi la chini.

Sasa malalamiko, maana nisiposema nitakuwa sijawatendea haki. Tangazo lilisema timu 12, kadi zimekuja 10. Hakuna Ottawa, hakuna Nashville. Nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, akajibu baada ya siku nne kwamba kadi za timu alizokaa muda mfupi hakuwa nazo kwa sasa, akarudisha dola 3. Kwa kweli hilo sijalipenda. Kama huna usiandike 12, andika 10 nami ningenunua vilevile. Kadi ya Phoenix nayo ina mkunjo kwenye kona ya juu ambao kwenye picha za tangazo hauonekani, kwa sababu picha zote zilikuwa za mbele. Kwahiyo mkiagiza, ombeni picha ya nyuma na ya kona nne, kwa kila kadi, kabla ya kulipa.

Ushauri mwingine, msiziache kwenye boksi. Nunueni faili na zile kurasa za plastiki zenye mifuko tisa. Sisi tulizipanga kwa mpangilio wa miaka, na Ottawa tukaacha mfuko na karatasi tuliyoandika kwa mkono. Tulipofika Columbus ukawa mfuko wa nane. Wa tisa, mwanangu akashika kadi ya Phoenix anataka kuiweka, nikamwambia subiri. Julai 22, 2003 Sillinger alipelekwa Dallas, na siku hiyo hiyo Dallas wakampeleka Phoenix. Jezi ya Dallas hajawahi kuivaa uwanjani. Tukauacha ule mfuko wazi. Phoenix ikaanza ukurasa wa pili, na sasa kila mgeni anayefungua faili letu anauliza kwanini pale hakuna kitu, na mwanangu ndo anaeleza, anaeleza vizuri kunishinda mimi.

Ukurasa wa pili ulibaki na nafasi baada ya Islanders, tukaongeza kadi moja tuliyoinunua hapa mjini kwa dola 2. Cole Sillinger, mtoto wake. Kazaliwa Columbus mwaka 2003, baba yake yuko kwenye ile timu, na mwaka 2021 timu hiyo hiyo ya Columbus wakamchagua chaguo la 12. Nyuma ya kadi yake jedwali bado ni fupi.

Kadi zenyewe nawapa nyota tano, muuzaji nampa mbili. Nashville bado naitafuta, mwenye nayo na kona zake zikiwa nzima aniambie bei.