Ofisi ya loya wa mafao ya ulemavu: nyota moja. Au nne. Someni tu

Nimejaribu kuandika hii kitu mara kibao, kila nikianza hasira zinapanda nafuta. Leo naandika hivyo hivyo, makosa mtanisamehe.

Mi Mtanzania, niko Ohio, Marekani, miaka sasa, kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee. Kumtoa mtu kitandani kumweka kwenye kiti, kumtoa kwenye kiti kumpeleka bafuni, shifti mbili mbili, wenzangu wa kazi hiyo mnanielewa. Mgongo ukagoma. Nikaomba mafao ya ulemavu ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali ya huku) wakakataa, nikaomba waangalie upya wakakataa tena, barua zenyewe zimefanana kama mapacha. Ndo mama mmoja wa kanisani akaniambia ukikataliwa mara ya pili unaenda kwa jaji, una siku 60 tu za kuomba, usiende peke yako, tafuta loya, na humlipi mpaka ushinde. Hilo ni kweli. Ukishinda anachukua asilimia 25 ya malimbikizo ya mafao yako na haitakiwi izidi kiwango walichoweka (mwishoni mwa 2024 kilikuwa dola 9,200), inakatwa huko huko kabla haijakufikia. Kwa hiyo kwenye hela sina ugomvi nao. Au niseme ninao kidogo, nitafika.

Ugomvi wangu ni ile simu.

Barua ya tarehe ya kikao cha jaji lazima itumwe angalau siku 75 kabla. Siku 75 jamani, unapanda mchicha unakula unapanda tena. Huo muda wote ofisi ya loya kimya. Nikipiga naambiwa "tutakupigia kukuandaa, usiwe na wasiwasi". Nikaanza kujiandaa mwenyewe, najifungia bafuni naongea na kioo, mwanangu akadhani nimechanganyikiwa.

Sasa jioni ya kuamkia kikao, narudia, ya KUAMKIA, niko jikoni nasonga ugali, simu hiyo. Dada wa ofisini. Hajanisalimia vizuri anauliza, "Kifafa chako kinakushika mara ngapi kwa mwezi?"

Nikajua Kiingereza changu ndo kimenipiga chenga. Nikamwambia rudia. Karudia. Nikamwambia dada, mimi ni mgongo. Kimya. Nasikia kibodi tu, ta ta ta. Halafu badala ya kusema samahani, ananiuliza: "Una uhakika?"

UNA UHAKIKA! Yaani mi nianguke kifafa nisijue?

Basi akaanza kusoma kitu, inaonekana ni karatasi anayowasomea watu wote, jibu kwa kifupi, sema ukweli, usimkatize jaji, usiku mwema. Dakika nane, simu yangu imehifadhi. Ugali ukashika chini nikautupa. Usiku sikulala, na mnajua nilikuwa namuwaza nani? Yule mwenye kifafa. Sijui na yeye kapigiwa akaulizwa mgongo.

Kikao chenyewe kilikuwa cha simu. Jaji, mkalimani wa Kiswahili (anatolewa bure, ukisema mapema unamhitaji), loya, halafu kuna mtu mwingine anajitambulisha ni mtaalamu wa mambo ya kazi. Huyu ni nani? Hakuna aliyeniambia kuna mtu kama huyo! Kumbe kazi yake ni kumwambia jaji mtu wa hali yangu anaweza kufanya kazi gani nyingine. Mi nimejiandaa kueleza maumivu, wao hawataki maumivu, wanataka dakika na pauni. Unakaa dakika ngapi kabla hujainuka? Unasimama ngapi? Unabeba pauni ngapi? Nani anajipima hivyo? Bahati galoni ya maziwa iko hapo kwenye friji, nikasema hiyo naibeba kwa mikono miwili na siendi nayo mbali. Kama mnaenda huko jipimeni nyumbani na saa, msingoje dada yeyote awapigie.

Halafu jaji akasoma kwenye faili, daktari wangu ameandika ziara zaidi ya moja kwamba mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Akauliza, ilikuwaje?

Hapo nilikauka. Ni kweli nilisema. Daktari akiingia anauliza habari yako, najibu nzuri tu, namshukuru Mungu. Ni salamu ile! Nikamwambia mheshimiwa, kwetu ukiulizwa hali unasema nzuri hata kama umeletwa kwa machela, ndo baadaye unaeleza kinachokuuma. Mkalimani alitafsiri nikasikia na yeye sauti imecheka kidogo, nadhani kwao pia wanasema nzuri tu. Jaji akasema sawa, tuendelee. Sijui aliniamini au alinihurumia. Ila hilo ndo lilikuwa la kuniambia kwenye dakika nane! Lilikuwa kwenye faili, faili LANGU, lingefunguliwa lingeonekana.

Mtaalamu wa kazi akasema mtu kama mimi anaweza kukaa kiwandani aweke lenzi kwenye fremu za miwani. Miwani! Nikajua imeisha.

Na hapa ndo napata shida ya kuandika. Maana loya, ambaye nilishamhesabu amelala, akauliza swali moja: huyo mtu akikosa kazini siku mbili kila mwezi kwa sababu ya mgongo, je? Mtaalamu akasema hamna kazi. Na akihitaji kujilaza mbali na yale mapumziko ya kawaida ya kazini? Hamna. Basi. Kumbe alishamtafuta daktari wangu akamjazisha fomu inayosema hayo yote na kuiwasilisha, maana ushahidi unatakiwa ufike siku tano za kazi kabla. Mi sikuambiwa. Anafanya kazi kimya kimya kama mchwa. Pale pale nilimsamehe, nikasema nikishinda nyota nne, hata tano.

Barua ilikuja baada ya muda, nimeshinda. Nililia. Wakakata robo yao, na hapo ndo ule ugomvi wa hela, loya robo yake halali kabisa, ila kinachoniuma ni kwamba humo humo na yule dada wa kibodi kalipwa.

Lakini nikasema yaishe, nikapiga simu ofisini kushukuru. Akapokea yeye. Nikataja jina, tarehe ya kuzaliwa, ta ta ta, halafu kwa furaha kabisa anasema, "Oooh, wewe ni yule wa kifafa! Hongera!"

Nyota mbili. Zote za loya.