Rurrenabaque nendeni, ila hii kampuni ya pampas msiipe hela yenu

Nyota moja. Naandika bado nina hasira na sioni sababu ya kuificha. Tulilipia safari ya pampas, yaani mbuga za nyasi zenye maji, ile ya kutoka mji wa Rurrenabaque kaskazini mwa Bolivia, mnakula vumbi kwenye jeep mpaka Santa Rosa halafu mnaingia mtumbwi wa injini kwenye mto Yacuma. Bei na ratiba ofisi zote pale mjini zinafanana, sipotezi muda huko.

Ishu ni anakonda, lile joka kubwa la majini. Tukavalishwa buti za mpira tukaingizwa kwenye matope, nyasi zimepita magoti, jua linachoma, mwongozaji wetu yuko mbele anachokoachokoa na fimbo. Akampata mmoja kajikunja zake chini ya majani, hana habari na mtu. Badala ya kutuonyesha tu, jamaa akamkaba shingoni akamvuta nje akaanza kumpitisha kwa watu wamshike wapigwe picha, na sisi wote muda si mrefu tumetoka kujipaka dawa ya mbu mpaka vidoleni, dawa ile ile inayoyeyusha hadi plastiki ya miwani, sasa kundi zima linampapasa nayo. Nikamwambia kwa Kihispania changu cha kubangaiza, kaka mwachie basi, tumeshamuona. Akanijibu bila hata kunigeukia: "Kama unaogopa karudi kwenye boti, wenzako wamelipia." Jamani! Mimi mtu wa Arusha, nimekulia na madereva wa watalii, kule Serengeti dereva akiacha barabara kumfuata duma anajua kuna adhabu inamsubiri, leo naambiwa naogopa.

Nikarudi kwenye boti kweli, na huko ndiko nikapata safari niliyoilipia. Mzee wa injini, mwenyeji wa kabila la Watakana wa pale pale, ndo alikuwa anajua kila kitu na hakuna aliyempa nafasi ya kuongea. Kanionyesha kaimani weusi, jamii ya mamba, wamejianika ukingoni, hao karne iliyopita waliwindwa kwa ajili ya ngozi mpaka wakakaribia kuisha. Kanionyesha serere, ndege anayekula majani na kuyachachusha tumboni ndo maana ananuka kama mavi ya ng'ombe, kifaranga chake kina kucha kwenye mbawa, kikiona hatari kinajitupa majini kisha kinaparamia tena mti. Pomboo wa pinki wakaibuka karibu kabisa na boti, wao wanaitwa bufeo, Bolivia iliwatungia sheria ya kuwalinda mwaka 2012. Hakuna aliyemshika yeyote na nilifurahi vibaya mno.

Na mto Beni wenyewe, ule unaopita Rurrenabaque, una mambo. Enzi za biashara ya utomvu wa mpira mizigo ilishuka nao mpaka mji wa Riberalta, na wenyeji ndio waliotumikishwa kwa madeni yasiyolipika. Mwaka 1981 Yossi Ghinsberg, kijana wa Israeli, alipotea huko juu mto Tuichi, unaoingia Beni, kama wiki tatu, mwenzake akishirikiana na wenyeji wakamfuata kwa boti mpaka wakampata, baada ya simulizi yake kusambaa ndo wageni wakaanza kumiminika. Hifadhi ya Madidi ikaja 1995, ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Kuna tumbili wa huko haki ya kumpa jina iliuzwa kwa mnada mwaka 2005, dola 650,000, hela ikaenda kulinda hifadhi. Yaani mnyama kaingiza hela yote hiyo bila mtu kumkaba shingo!

2016 serikali ilipotaka bwawa la umeme kwenye mto Beni, wenyeji walipiga kambi pale kwenye korongo la Bala mpaka kampuni ya upimaji ikaondoa watu wake. Na sasa hivi zebaki ya wachimba dhahabu imeshaingia kwenye samaki, na kwenye miili ya Waesse Ejja, kabila la wenyeji wanaoishi kwa samaki hao. Watu wanapigania huu mto namna hiyo, halafu mtu anayekula kupitia mto huo huo anaburuta nyoka kwenye matope ili wageni wapate picha?

Hapa nilitaka kuongeza nyota ya pili, manake mpishi naye alikuwa mtu safi na mzee yule anastahili tano peke yake. Lakini tulivyorudi ofisini nikalalamika, dada wa mapokezi akaniangalia, akanyoosha kidole ukutani. Picha zimejaa pale za wageni na anakonda shingoni. "Ndicho wanachotaka." Basi, moja inabaki, na kama ingekuwepo sifuri ningeweka.

Mkienda, kabla hujatoa hela uliza: nyoka mnamshika? Wakisema ndiyo, toka uingie ofisi ya pili. Au pandeni mto Tuichi mpaka Chalalán, ile loji ni mali ya wanakijiji wa San José de Uchupiamonas wenyewe. Mimi nikijaliwa kurudi naenda huko, na yule mzee nitamtafuta pembeni nimlipe mkononi.